Nani Alibonyeza?

Kikao kilikuwa cha asubuhi. Usiku uliotangulia mfumo wa malipo ulikuwa umeanguka baada ya toleo jipya la programu kuwekwa kwenye seva kwa kubonyeza kitufe, na walioushughulikia walikuja na macho mekundu. Ukutani, runinga kubwa ilionyesha dashibodi, grafu zote zikiwa kijani. Mkuu wa idara aliketi, akafungua kompyuta yake, akauliza:

"Nani alibonyeza?"

Kijana aliyekaa karibu na mlango akainua mkono. "Ni mimi, mkuu."

Wengine wote wakainamia simu zao.

Nilikuwa pale kama mgeni, nimeitwa kusikiliza na kushauri. Kampuni hiyo ilikuwa imeshatangazia wafanyakazi wake kwamba imekamilisha safari ya DevOps, yaani utaratibu wa wanaoandika programu na wanaoziendesha kufanya kazi pamoja, na vifaa vyote nilivyotarajia kuviona vilikuwepo. Swali la mkuu halikunishangaza, maana nimelisikia sehemu nyingi. Kilichonikaa kichwani kwa wiki kadhaa ni kilichofuata: jina lilipopatikana, kikao kiliisha. Hakuna aliyeuliza kwa nini majaribio yalipita. Hakuna aliyeuliza kwa nini kurudisha toleo la zamani kulichukua muda mrefu vile. Watu walikunja kompyuta zao kana kwamba jibu limeshapatikana.

Nikaanza kujiuliza: kama hiki ni chumba cha watu waliokwisha kuipokea DevOps, walipokea nini hasa?

Timu ya tatu

Zamani kampuni hiyo ilikuwa na pande mbili, kama ilivyo kwingi. Wasanidi waliandika programu na kuirusha ng'ambo ya pili. Watu wa seva waliidaka na kuihangaikia. Mageuzi yalipokuja, uongozi uliajiri timu mpya, ukaipa jina la Timu ya DevOps, ukaiweka katikati.

Nia ilikuwa njema. Lakini nilifuatilia ombi dogo la msanidi mmoja aliyetaka kubadilisha thamani moja tu kwenye mipangilio ya huduma yake. Alifungua tiketi kwa timu ya katikati. Timu ya katikati ikafungua tiketi nyingine kwa watu wa seva. Watu wa seva wakarudisha swali, swali likapitia njia ile ile kinyumenyume. Palipokuwa na foleni moja sasa zilikuwa mbili.

Sisemi timu ya aina hiyo haifai kamwe. Timu inayojenga jukwaa ambalo wenzao wanajihudumia wenyewe, bila kuomba kwa mtu, ina thamani kubwa. Shida huja timu hiyo inapogeuka dirisha la kupokea maombi. Mwanasayansi wa kompyuta Melvin Conway aliandika mwaka 1968 kwamba shirika huishia kubuni mifumo inayofanana na mawasiliano yake lenyewe. Nadhani hilo linahusu hata njia za kupandisha matoleo mapya kwenye seva. Paipulaini ya kampuni ile, yaani mfuatano wa hatua ambao mashine hufuata kupandisha toleo, ilikuwa na vituo vitatu vya kusubiri idhini, na vituo hivyo vililingana kabisa na mipaka ya idara tatu.

Watu wawili, jukwaa moja

Wengi wanajua kwamba jina lenyewe lilitokana na mkutano ulioandaliwa na Patrick Debois mjini Ghent, Ubelgiji, Oktoba 2009. Mimi hurudi zaidi kwenye hotuba iliyotangulia miezi michache kabla, ya John Allspaw na Paul Hammond, walipoeleza jinsi Flickr, tovuti ya kuweka picha, ilivyokuwa ikipandisha matoleo zaidi ya mara 10 kwa siku.

Idadi hiyo ndiyo iliyovuma. Lakini tazama waliosimama pale: mmoja wa upande wa uendeshaji, mwenzake wa upande wa usanidi, wakizungumza kwa zamu. Orodha yao ya mambo yaliyowezesha kasi hiyo ilikuwa na sehemu mbili. Ya kwanza ilikuwa vifaa. Ya pili ilikuwa heshima, kuaminiana, mtazamo mzuri juu ya kushindwa, na kuacha kulaumiana.

Sehemu ya kwanza ina bei na muuzaji. Unaweza kuiingiza kwenye bajeti, ukapewa ankara, ukaonyesha bodi ya wakurugenzi. Ya pili haina ankara, kwa hiyo mashirika mengi huishia ya kwanza na kuita kazi imekwisha.

Nimeandika hivyo kwa miaka. Lakini baada ya kikao kile niliona kwamba maneno kama "utamaduni" hayamsaidii mtu yeyote mpaka uonyeshe yanapogusa mashine. Niliyapata kwenye karatasi ya mzee mmoja.

Subiri kidogo

Vijana wote pale humwita mzee, ingawa umri wake si mkubwa hivyo. Ni kwamba alizikuta seva zile tangu siku zilipowashwa. Kabla ya paipulaini, ndiye aliyekuwa akipandisha kila toleo kwa mkono, usiku, akifuata waraka alioandikiwa na wasanidi. Nilimwomba anionyeshe waraka huo. Dada aliyeandika huduma ya malipo naye akavuta kiti.

Hatua ya saba: simamisha foleni ya ujumbe. Ya nane: washa huduma. Ya tisa: subiri kidogo. Ya kumi: fungulia wateja.

"Mzee," dada akauliza, "kidogo ni muda gani?"

"Mpaka uone mstari huu kwenye logi," akasema, akiugusa kwa kidole kwenye kioo. "Siku za kawaida haukawii. Mwisho wa mwezi unachelewa sana. Ukifungulia kabla haujatokea, wateja wa kwanza wanapata hitilafu, wanajaribu tena na tena, foleni inafurika."

Dada akanyamaza kwanza. "Hapo huduma inapakia akaunti kwenye kumbukumbu yake. Akaunti zikiwa nyingi inachukua muda. Mbona hukuwahi kutuambia?"

"Hamkuwahi kuuliza. Na mimi nilidhani mnajua, maana ninyi ndio mlioandika subiri kidogo."

Nikaomba kuona skripti ya paipulaini, ile iliyochukua nafasi ya waraka. Timu ya katikati ilikuwa imehamisha kila hatua kwa uaminifu mkubwa. Ya saba ipo, ya nane ipo, ya kumi ipo. Na pale penye hatua ya tisa, mtu aliandika: subiri sekunde 60.

Mfumo ulikuwa umeanguka mwisho wa mwezi.

Hapo ndipo mawazo yangu yalipogeuka. Kijana aliyeinua mkono alibonyeza kitufe alichoruhusiwa kubonyeza, kwenye paipulaini aliyofundishwa kutumia, na toleo lake halikuwa na kosa. Kilichoangusha mfumo ni kwamba maneno ya waraka yalihamishiwa kwenye mashine lakini ujuzi uliobaki kichwani mwa mzee haukuhamishwa. Angekuwa yeye kwenye usukani usiku ule angesubiri zaidi ya sekunde 60, kwa sababu angeutafuta mstari wake.

Marekebisho yalikuwa mepesi. Dada aliongeza anwani ndani ya huduma inayojibu "bado" mpaka akaunti zote zipakiwe, kisha "tayari". Kigawa mzigo, kile kinachowagawa wateja kati ya seva, kikawekwa kisipeleke mteja yeyote kwenye seva inayojibu "bado". Hatua ya tisa ikafutwa. Hakuna kifaa kipya kilichonunuliwa. Kigawa mzigo kilikuwa na uwezo huo tangu zamani. Kilichokosekana ni watu hao wawili kukaa mbele ya kioo kimoja.

Tangu hapo, nikisikia "tumeshaotomatisha kila kitu", nauliza ni nani aliyekuwa akiifanya kazi hiyo kwa mkono, na kama aliketishwa na aliyeandika skripti.

Barua pepe zisizosomwa

Rafiki mmoja aliyesoma rasimu ya mawazo haya alinipinga vikali. Akasema: ukiwaambia watu hakuna lawama, unafuga uzembe. Hoja hiyo sikuipuuza. Fedha za watu zinapita kwenye mifumo hii, na anayezembea anaumiza wengine.

Nikarudi kwenye matukio mawili yaliyoandikwa kwa kina.

Tarehe 1 Agosti 2012, kampuni ya udalali wa hisa ya Knight Capital, Marekani, ilipoteza zaidi ya dola milioni 440 ndani ya dakika 45 hivi. Toleo jipya lilipaswa kuwekwa kwenye seva 8. Fundi aliliweka kwenye 7. Seva ya nane ilibaki na msimbo (maandishi ya programu) wa zamani ambao haukuwa umetumika kwa miaka, na toleo jipya lilitumia swichi ile ile iliyokuwa ikiuamsha msimbo huo. Soko lilipofunguliwa, seva hiyo ikaanza kumimina oda. Katika kuhangaika kuzima moto, waliondoa toleo jipya kwenye seva 7 zilizokuwa nzima, na msimbo wa zamani ukaamka huko pia.

Ukiuliza nani alibonyeza, unampata fundi mmoja aliyesahau seva moja. Ukiendelea kuuliza, unakuta hakukuwa na utaratibu wa mtu wa pili kukagua. Unakuta msimbo mfu uliachwa ndani. Na unakuta kwamba asubuhi hiyo, kabla soko halijafunguliwa, mfumo wenyewe ulituma barua pepe 97 kwa wafanyakazi zikitaja hitilafu. Hazikuwa zimebuniwa kama tahadhari, na hakuna aliyezichukulia hatua.

La pili ni la GitLab, kampuni inayowatunzia wasanidi msimbo wao, 31 Januari 2017. Mhandisi aliyekuwa amechoka, akipambana na tatizo usiku, alifuta data kwenye seva kuu ya hifadhidata akidhani yuko kwenye ile ya akiba. Walipokimbilia nakala rudufu, za kila siku hazikuwepo: programu ya kuzitengeneza ilikuwa ya toleo lisilolingana na hifadhidata, kwa hiyo ilishindwa kila mara. Barua pepe za kueleza kwamba imeshindwa zilitumwa, lakini zilikataliwa na seva ya barua kwa sababu hazikuwa na uthibitisho unaotakiwa. Kilichowaokoa ni nakala iliyochukuliwa kwa mkono saa 6 hivi kabla, kwa kazi nyingine kabisa. Data ya saa hizo ikapotea.

Tazama yanavyofanana. Kote kuwili mashine ilipiga kelele, na kelele haikumfikia mtu. Kumfukuza fundi wa kwanza au mhandisi wa pili kusingefanya barua pepe hata moja isomwe.

Yanapotofautiana ni baada ya ajali. GitLab waliweka kazi ya uokoaji wazi mbele ya umma, hata wakairusha moja kwa moja mtandaoni, kisha wakachapisha maelezo ya kila kilichoshindwa. Ndiyo maana mimi na wewe tunaijua habari ya zile barua zilizokataliwa. Na nina hakika zipo kampuni zilizosoma maelezo hayo na kwenda kujaribu nakala zao siku hiyo hiyo.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Katika miaka ya 1990, mtafiti Amy Edmondson alichunguza makosa ya dawa kwenye wodi za hospitali, akitarajia timu zinazoongozwa vizuri ziwe na makosa machache. Akakuta timu hizo ndizo zilizoripoti mengi zaidi. Maelezo yaliyoeleweka baadaye ni kwamba hawakuwa wakikosea zaidi. Walikuwa wakithubutu kusema.

Kwa hiyo jibu langu kwa rafiki yangu ni hili: anayeficha kosa kwa makusudi, au anayeruka kinga aliyoijua, ashughulikiwe. Hao ni wachache. Wengine wote walifanya kilichoonekana sahihi kwa walichokuwa wanakijua saa hiyo, na ukitaka kujua walichokuwa wanakijua, lazima wasikuogope.

Anayeamka usiku

Mwaka 2006 Werner Vogels wa Amazon alieleza utaratibu wao kwa ufupi: mnaoijenga huduma ndio mnaoiendesha. Kauli hiyo imenukuliwa na mameneja wengi kuliko walioielewa.

Nimeona ikitumika vibaya. Wasanidi wanapewa simu ya zamu, inalia saa nane usiku, wanaamka, wanakuta hawana ruhusa ya kuingia kwenye seva, hawana ruhusa ya kurudisha toleo la zamani, na asubuhi wanatakiwa kazini kama kawaida kumalizia kipengele kipya kilichoahidiwa wateja. Hiyo ni adhabu iliyovishwa jina zuri.

Zamu ina maana pale tu anayeamka ana uwezo wa kurekebisha, na kesho yake ana muda wa kuhakikisha hataamshwa tena na jambo lile lile. Vitu hivyo viwili vikikosekana, watu wazuri huondoka kimya kimya, tena wanaanza wale wanaojali zaidi.

Lakini vikiwepo, msimbo wenyewe hubadilika. Msanidi aliyewahi kuamshwa na ujumbe wa hitilafu usioeleweka huandika ujumbe unaoeleweka. Huweka swichi ya kuzima kipengele chake bila kungoja toleo jipya. Hupunguza ukubwa wa toleo, kwa sababu ameshatafuta kosa kwenye mabadiliko ya mistari elfu usiku wa manane na hataki kurudia.

Ugomvi wa kasi na uimara una njia ya kutulizwa, na inashangaza jinsi inavyotumika kidogo. Pande zote zikubaliane mapema mfumo unaruhusiwa kuanguka kwa kiasi gani. Mkisema asilimia 99.9 ya muda, basi kwa siku 30 mna dakika 43 hivi za kuanguka. Dakika hizo zikiwa zimebaki, pandisheni matoleo bila kuombana radhi. Zikiisha, wote mnaacha vipengele vipya na kuimarisha mfumo mpaka mambo yatulie. Wahandisi wa Google waliujenga utaratibu huu na kuutangaza, na uzuri wake ni kwamba mtu wa seva haitwi tena mwoga na msanidi haitwi mharakishaji. Ila bosi anayekubali bajeti hiyo kisha anaivunja mara ya kwanza inapogusa ahadi aliyompa mteja, bora asingeikubali.

Vipimo vile vinne vinavyojulikana, yaani mara ngapi mnapandisha, muda kutoka msimbo kuandikwa hadi kufika hewani, sehemu ya mabadiliko inayoleta hitilafu, na muda wa kurejesha huduma, navikubali, kwa sharti moja. Timu ivitumie kujilinganisha na yenyewe ya miezi iliyopita. Siku vinapowekwa kwenye jedwali la kupanga timu kwa bonasi, hitilafu huanza kupewa majina mengine.

Kamati ya kila wiki

Limebaki jambo ambalo wanaoandika kuhusu DevOps hulipita haraka: watu ambao kazi yao ilikuwa kuidhinisha.

Kampuni ile ina kamati ya mabadiliko. Hukaa mara moja kwa wiki, inapokea fomu, inaidhinisha. Utafiti wa Nicole Forsgren na wenzake ulionyesha kwamba idhini ya aina hiyo, ya watu walio nje ya timu, huchelewesha kazi bila kupunguza hitilafu. Hoja ya kuivunja ni nzito, na nilikuwa nimejiandaa kuitoa.

Kisha nikakutana na katibu wake, mama mmoja mwenye daftari. Ameandika kila mabadiliko yaliyowahi kuangusha mfumo, saa ilipotokea, kilichoguswa, na aliyejua jinsi ya kurekebisha. Anguko la mwisho wa mwezi alikuwa nalo mara nyingi, kwa mkono wake, miaka kabla ya paipulaini. Hakuna msanidi aliyewahi kuomba kuliona. Na yeye hakuwahi kupewa ruhusa ya kufungua hazina ya msimbo, kwa kuwa cheo chake si cha ufundi.

Ungemwondoa mama huyo pamoja na kamati, ungeutupa ule ujuzi ambao paipulaini iliukosa.

Nilichopendekeza ni kamati ife na kazi yake ibaki. Kila ajali kwenye daftari igeuzwe jaribio la kiotomatiki au ukaguzi kabla ya kupandisha, yeye akikaa na timu moja baada ya nyingine kueleza kilichotokea. Mabadiliko yakaguliwe na mwenzako wa timu siku hiyo hiyo. Uongozi ulikubali sehemu ya kwanza na bado unabishana juu ya ya pili, kwa sababu kuna wajumbe ambao hadhi yao yote imo kwenye saini ile.

Mama alipofunguliwa hazina ya msimbo hakuanza na daftari. Alifungua fomu aliyoisimamia miaka yote, akaisoma pamoja na dada wa malipo, na wa kwanza kuona pengo alikuwa yeye: haikuwa na sehemu hata moja inayouliza jinsi ya kurudisha toleo la zamani. Wiki hiyo walifanya zoezi la kurudisha toleo mchana, watu wote wakiwa macho. Kijana wa karibu na mlango ndiye aliyebonyeza.